Nani Aandike Mwongozo wa Mfumo: Mtu au Majaribio?

MSANIDI PROGRAMU: Dada, fungua mwongozo wowote wa mfumo uliokwisha kutumika miaka miwili, kisha fungua mfumo wenyewe. Utakuta mwongozo unakuelekeza ubonyeze kitufe kilichoondolewa, unakutajia kiwango kilichobadilishwa, na ukurasa unaotumiwa kila siku haumo kabisa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Msimbo ulibadilika, mwongozo ukabaki palepale, kwa sababu msimbo ukiwa na kosa kazi inakwama na simu zinapigwa, lakini mwongozo ukiwa na kosa hakuna kinachokwama siku ile. Ninachosema ni hiki: kila mradi makini una maandishi mengine ambayo hayawezi kuachwa nyuma bila kupiga kelele. Ni majaribio ya kiotomatiki. Yanaendeshwa kila msimbo unapoguswa, na mfumo ukienda kinyume nayo alama nyekundu inawaka na toleo halitoki. Basi mwongozo wa vipengele vya mfumo utolewe humo, na kompyuta, kila toleo jipya linapotoka. Tuache kuuandika kwa mkono.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Malalamiko yako nayakubali yote. Hitimisho lako silikubali. Jaribio linasema mfumo unafanya nini. Mwongozo unapaswa kusema mfumo ulikusudiwa kufanya nini, kwa ajili ya nani, na kwa nini hivyo na si vinginevyo. Ukitafuta haya ya pili ndani ya yale ya kwanza, unatafuta kitu mahali ambapo hakikuwekwa.

MSANIDI PROGRAMU: Kinawekwa, mtu akijua kukiweka. Wazo hili lina umri wa kutosha kuheshimiwa. Kent Beck na Erich Gamma walitengeneza JUnit mwaka 1997, na tangu hapo wasanidi wa Java wakazoea kuandika majaribio madogomadogo pembeni ya msimbo. Baadaye Chris Stevenson, mwenzake Dan North katika kampuni ya ThoughtWorks, akaandika programu ndogo iitwayo agiledox. Kazi yake ilikuwa nyepesi: ilichukua jina la kila jaribio, ikatenganisha maneno yaliyoshikanishwa, ikayachapa kama sentensi ya kawaida. North alisimulia mwaka 2006 kilichofuata. Wasanidi walipoona majina yao yanageuka maelezo yanayosomeka, wakaanza kuyapa majaribio majina yaliyo sentensi kamili. Walipotumia maneno ya biashara badala ya maneno ya kompyuta, watu wasioandika msimbo wakaanza kuzielewa kurasa zile. Yeye na Chris Matts wakatoa mpangilio ambao leo unajulikana duniani kote: hali iliyopo, tukio linalotokea, matokeo yanayotarajiwa.

Chukua mfumo wa SACCOS wenye ile kanuni iliyozoeleka, kwamba mwanachama anakopa hadi mara 3 ya akiba yake. Jaribio linasomeka hivi: ikiwa mwanachama ana akiba ya shilingi 200,000, anapoomba mkopo wa shilingi 600,000, basi ombi linapokelewa. Linalofuata: anapoomba shilingi 600,001, ombi linakataliwa. Mwongozo gani ulioandikwa kwa mkono umewahi kukuonyesha mpaka ulipo kwa usahihi huo?

MWANDISHI WA MIONGOZO: Sasa niruhusu niulize kama karani aliyeajiriwa wiki hii. Akiba hiyo ni ya leo, au ya mwisho wa mwezi uliopita? Mwanachama akiwa na mkopo wa zamani ambao haujaisha, salio lake linapunguzwa humo? Hisa zake zinahesabiwa? Mdhamini akijitoa kabla fedha hazijatoka, ombi linarudi nyuma? Majaribio yako mawili hayanijibu. Kibaya zaidi, hayanionyeshi kwamba hayakunijibu. Mwandishi akifika kwenye swali kama hilo anaweka kalamu chini, anainuka, anakwenda kumwuliza ofisa mikopo. Kompyuta inayogeuza majaribio kuwa kurasa haina swali lolote. Itachapa ukurasa safi, wenye alama za kijani kila mstari, na msomaji atadhani kila kitu kimesemwa. Edsger Dijkstra alieleza katika mkutano wa NATO mjini Roma mwaka 1969 kwamba majaribio yanaweza kuthibitisha kuwa hitilafu zipo, hayawezi kuthibitisha kuwa hazipo. Mwongozo uliozaliwa na majaribio unarithi upungufu huo huo. Unaonyesha yaliyofikiriwa. Yaliyosahauliwa hayaachi hata pengo kwenye karatasi.

MSANIDI PROGRAMU: Na katika mwongozo wako, yaliyosahauliwa yanaacha pengo?

MWANDISHI WA MIONGOZO: Hayaachi. Lakini uliandikwa na mtu aliyekwenda kuuliza.

MSANIDI PROGRAMU: Aliyekwenda kuuliza mara moja, mfumo ulipozinduliwa. Tangu hapo kanuni zimebadilishwa na hakuna aliyerudi.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Hilo ni kosa la bajeti, ndugu yangu. Ofisi ikikataa kumlipa mtu wa kuhuisha mwongozo, isitumie matokeo ya ubahili wake kama hoja ya kumwondoa. Na kabla hujaendelea kuniambia kwamba hati na mfumo vikitofautiana basi hati ndiyo yenye makosa, tuzungumze kuhusu Mars Climate Orbiter. NASA ilikipoteza chombo hicho tarehe 23 Septemba 1999, kilipofika sayari ya Mirihi. Programu ya Lockheed Martin iliyokuwa duniani ilikokotoa msukumo wa injini ndogo za chombo kwa vipimo vya pauni. Wataalamu wa safari walizipokea namba zile kana kwamba ni za vipimo vya mita, yaani nyutoni. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni zaidi ya mara 4, na chombo kikaingia chini mno kwenye anga ya sayari. Hati iliyoeleza namna programu hizo mbili zinavyopaswa kupeana data ilitaka nyutoni. Hati ilikuwa sahihi! Kosa lilikuwa ndani ya msimbo. Laiti hati ile ingetolewa na majaribio ya programu yenyewe, ingeandika pauni, na hati na msimbo vingepatana neno kwa neno huku vyote viwili vimepotoka.

MSANIDI PROGRAMU: Dada, huo mfano unanisaidia mimi. Hati ilikuwapo, ilikuwa sahihi, na haikuzuia chochote. Chombo kiliondoka duniani Desemba 1998, kikasafiri zaidi ya miezi tisa, na sentensi ile sahihi ilikuwa imekaa tu kwenye karatasi muda wote. Kama ingekuwa jaribio linalokagua faili la namba kabla halijatumwa, nyekundu ingewaka kabla ya safari kuanza. Ukweli ambao hakuna mashine inayoukagua unategemea mtu akumbuke kuufungua, na watu wamechoka.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Jaribio hilo lingetoka wapi?

MSANIDI PROGRAMU: Lingeandikwa kulingana na makubaliano.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Makubaliano yaliyoandikwa kwenye hati. Basi umekubali kwamba hati inatangulia, jaribio linafuata. Wewe unataka kugeuza mwelekeo, jaribio litangulie na hati ifuate. Katika urubani hawaruhusu hivyo. Kiwango cha DO-178C, kilichotolewa mwaka 2011 kwa ajili ya programu za ndege, kinataka majaribio yatokane na mahitaji yaliyoandikwa, kisha ipimwe ni sehemu gani za msimbo hazikuguswa na majaribio hayo. Sehemu ikibaki bila kuguswa, mtu anaulizwa: hii iko hapa kwa matakwa ya nani? Swali hilo linawezekana kwa sababu mahitaji yalisimama peke yake, nje ya msimbo. Ukiyatoa mahitaji ndani ya majaribio, kila kilichomo kitajihalalisha chenyewe.

MPIMAJI: Naomba niingie hapo, maana kazi yenu nyote wawili huishia mezani kwangu. Mnabishana kipi kitangulie kana kwamba lazima viwe vitu viwili. Kuna watu walikwisha kuviunganisha. Ward Cunningham, yule aliyetupa tovuti ya kwanza ya aina ya wiki mwaka 1995, alitoa mwaka 2002 chombo kiitwacho Fit. Mtu wa biashara aliandika hati ya kawaida, yenye maelezo na majedwali: safu hii akiba, safu hii mkopo, safu hii jibu. Programu iliyasoma majedwali yale, ikauendesha mfumo, ikarudisha hati ileile ikiwa na rangi: kijani panapopatana, nyekundu panapotofautiana. Tim Peters alifanya jambo linalofanana katika lugha ya Python. Chombo chake cha doctest kimo ndani ya Python tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001. Unaandika maelezo, unatia mfano wa matumizi na jibu lake, na kompyuta inauendesha mfano wako kuona kama bado unasema kweli. Lugha ya Rust inafanya hivyo kwa mifano iliyomo kwenye nyaraka zake, na Go nayo ina mifano inayoonekana kwenye nyaraka na kuendeshwa pamoja na majaribio. Katika njia hizo zote mtu ndiye anayeandika sentensi. Mashine inamlinda asipitwe na wakati.

MSANIDI PROGRAMU: Hiyo ndiyo hoja yangu.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Hapana, hiyo ni yangu. Wewe ulisema tuache kuandika kwa mkono.

MPIMAJI: Si ya yeyote kati yenu, kwa sababu sijafika kwenye kinachotokea ofisini. Kaka, wewe unasifu majaribio kana kwamba yameandikwa na Dan North. Mimi ninayasoma kila siku. Jaribio la kawaida linasema: fungua ukurasa, jaza kisanduku cha kwanza, jaza cha pili, bonyeza, subiri sekunde mbili, hakikisha neno fulani limeonekana. Anayelisoma hatajua kama hapo mtu amekopa, amelipa au amefuta akaunti. Cucumber, kilichoanzishwa na Aslak Hellesøy mwaka 2008, kilikusudiwa kuleta mpangilio ule wa hali, tukio na matokeo kwa watu wa kawaida. Kufikia mwaka 2014 Hellesøy mwenyewe aliandika akilalamika kwamba chombo chake hakieleweki: alikitengeneza ili watu wakutane na kukubaliana kabla msimbo haujaandikwa, wao wakakifanya chombo cha majaribio tu, wakaandika peke yao baada ya kazi kwisha. Kurasa zinazotolewa na majaribio ya namna hiyo ni nyingi, zote zina kijani, na hakuna anayezisoma. Nakuuliza, kaka: ukurasa sahihi usiosomwa una faida gani kuliko ule wa zamani uliopitwa na wakati?

MSANIDI PROGRAMU: Una faida hii: hautampoteza atakayeusoma siku moja. Lakini nakuelewa. Majaribio mabaya yatatoa mwongozo mbaya, na hilo ni jambo jema, kwa sababu ubaya wake sasa unaonekana na watu wote badala ya kujificha kwangu na kwako. Gojko Adzic, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu kueleza mahitaji kwa mifano, alikusanya kazi za timu nyingi zilizofanikiwa, na kilichozitofautisha ni kwamba zilitunza mifano yao kama mali ya mradi: ziliipanga kwa mada, zikafuta inayojirudia, zikaandika utangulizi kwa kila sehemu.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Kupanga kwa mada, kufuta marudio, kuandika utangulizi. Ndugu yangu, hiyo ni kazi ya mwandishi wa miongozo. Umemtoa mlangoni ukamrudisha dirishani, ila safari hii bila cheo na bila mshahara.

MSANIDI PROGRAMU: Arudi na cheo chake, sina ugomvi naye. Nina ugomvi na sentensi isiyo na ulinzi. Tazama Spring REST Docs, ambacho wasanidi wa Java wamekuwa wakikitumia tangu mwaka 2015. Maelezo ya jumla anaandika mtu. Sehemu zinazochakaa haraka, yaani ombi linavyotumwa, jibu linavyorudi na kila uga uliomo, zinatolewa na majaribio. Na jaribio linaanguka kama jibu lina uga ambao haukuelezwa, au kama umeeleza uga ambao haupo. Hebu pima jambo hilo: kutoandika maelezo kunakuwa kosa la mfumo, sawa na hesabu iliyokosewa. Ni ofisi gani ya mwandishi wa miongozo iliyowahi kuwa na nguvu ya kuzuia toleo lisitoke?

MWANDISHI WA MIONGOZO: Hakuna. Na nguvu hiyo ninaitaka, nakiri bila kinyongo. Lakini umenifikisha kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, nalo ni ahadi. Ukurasa wa mwongozo ni ahadi kwa wateja. Jaribio mara nyingi linanukuu tu kilichotokea. Hyrum Wright, aliyekuwa mhandisi Google, ametoa angalizo linalojulikana kwa jina lake: mfumo ukipata watumiaji wa kutosha, kila tabia inayoonekana nje itategemewa na mtu, hata ile ambayo hukuiahidi. Waliotengeneza lugha ya Go waliliona hilo mapema. Aina fulani ya mkusanyiko wa data ndani ya lugha hiyo haina mpangilio maalumu, na watu walianza kuutegemea mpangilio uliotokea kwa bahati. Wakaamua kuuchanganya kwa makusudi kila mkusanyiko huo unapopitiwa, ili asiwepo wa kuuegemea. Sasa msanidi mmoja anaandika jaribio linalotarajia wanachama waorodheshwe kwa namba ya kujiunga, kwa sababu ndivyo hifadhidata ilivyowarudisha siku ile. Kompyuta yako inaichapa sentensi hiyo chini ya nembo ya ofisi: wanachama huorodheshwa kwa namba ya kujiunga. Mtu wa nje anajenga mfumo wake juu ya sentensi hiyo. Nani alikubali kuitoa ahadi ile?

MSANIDI PROGRAMU: Tutenganishe majaribio. Ya ndani yabaki ndani. Yale ya kuchapishwa yawekewe alama.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Aweke nani?

MSANIDI PROGRAMU: Mtu.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Kwa kigezo gani? Kwa kujua kusudi. Tumerudi kwenye swali la kwa nini, ambalo jaribio halilijui.

MSANIDI PROGRAMU: Basi tuliangalie hilo la kwa nini ana kwa ana, kwa sababu limekuwa kimbilio lako tangu mwanzo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilipasuka angani chini ya dakika moja baada ya kuruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu ya mfumo wake wa mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake namba ya biti 64 iligeuzwa kuwa ya biti 16, ikazidi nafasi, na kompyuta za mwelekeo zikazima. Wahandisi walikuwa wamechunguza vigeu 7 vyenye hatari hiyo, wakaviwekea kinga 4, wakaacha 3, kwa hoja kwamba haviwezi kufikia kiwango kile. Sababu ilikuwapo, dada. Ilijadiliwa, ikakubaliwa, ikaandikwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilikuta kwamba haikuonekana ndani ya msimbo, na kwamba wingi wa nyaraka uliifunika. Hiyo ndiyo hatima ya kwa nini iliyoandikwa kwa nathari nzuri na kuwekwa mbali na kazi. Tume hiyohiyo ilikuta kwamba hakuna jaribio lililoiendesha sehemu ile kwa njia ya kuruka ya Ariane 5. Jaribio moja la namna hiyo lingefanya kazi ambayo makabati ya karatasi yalishindwa.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Umeisimulia vizuri, nami nitaanzia ulipoishia. Chukua majaribio ya Ariane 4. Programu ile iliirusha roketi hiyo kwa miaka bila tatizo hilo. Ukitoa mwongozo kutoka kwenye majaribio yale, utapata maelezo sahihi kabisa ya mfumo, na hakuna mstari hata mmoja utakaosema: haya ni kweli kwa sababu roketi hii inaruka polepole kuliko hiyo mpya. Sharti lililoiangusha roketi halikuwa tabia ya programu. Lilikuwa jambo la dunia ya nje ambalo programu ililichukulia kuwa ni la kudumu. Unaniambia liliandikwa likafunikwa na karatasi. Nakubali! Basi tulifukue, tuliweke juu. Kutoa nyaraka kwenye majaribio kusingelifukua, kungelifuta kabisa.

MPIMAJI: Hapo dada ana haki, ila si yote. Sharti linaweza kuandikwa ndani ya jaribio lenyewe. Jina la jaribio liseme: kiwango hakizidi hapa kwa sababu mwendo wa roketi ni huu. Siku mtu anapoichukua programu kuipeleka kwenye roketi nyingine, anaikuta sentensi ile palepale anapofanya kazi.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Akiisoma.

MPIMAJI: Akiisoma, ndiyo.

DAWATI LA WATEJA: Wanangu, nimesikiliza muda mrefu na hakuna aliyetaja ninachokihitaji mimi ninayekaa dirishani. Mwanachama anakuja, ombi lake limekataliwa. Nafungua ukurasa uliotolewa na majaribio, unaniambia: ombi linakataliwa. Hilo analijua, ndilo lililomleta. Anataka kujua afanye nini sasa: aongeze akiba, asubiri mwezi uishe, alete mdhamini mwingine, au aende kwa meneja. Ukurasa wa kijana huyu haumfikirii mtu aliyesimama mbele yangu. Tena umekuja kwa Kiingereza cha wasanidi, na makarani wangu wanamhudumia mwanachama kwa Kiswahili.

Lakini nawe binti, usifurahi mapema. Mwongozo wako ulioandikwa vizuri, wenye picha na maelezo, ndio ulionitia aibu. Kiwango cha ada kilibadilishwa kwenye mfumo, kwenye mwongozo hakikubadilishwa. Nikamsomea mwanachama namba kutoka kwenye kitabu chako kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, naye akanionyesha kwenye simu yake kwamba amekatwa kiasi kingine. Tangu hapo namba siichukui kwenye kitabu. Kwa namba namwamini kijana. Kwa maelezo nakuamini wewe. Na ninyi mnanitaka nichague mmoja.

MSANIDI PROGRAMU: Mama, la lugha nina jibu. Maneno ya msingi ya mpangilio wa Cucumber yametafsiriwa katika lugha zaidi ya 70, na sentensi zenyewe zinaweza kuandikwa kwa lugha yoyote ile. Ofisa mikopo akae na sisi, mifano iandikwe kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, na ukurasa utakaotoka utakuwa kwa Kiswahili. Na hilo la mwanachama afanye nini baada ya kukataliwa, tulifanye kipengele cha mfumo: ujumbe wa kukataa utaje sababu na hatua inayofuata. Likiwa kipengele, litakuwa na jaribio. Likiwa na jaribio, litaingia kwenye mwongozo.

MPIMAJI: Hilo ndilo Hellesøy alilolililia: watu kukaa pamoja kwanza. Ila niseme jambo linalonipa wasiwasi mwaka huu kuliko mwaka jana. Majaribio mengi yanayonifikia sasa hayakuandikwa na mtu aliyekaa na ofisa mikopo. Yameandikwa na akili mnemba iliyosoma msimbo na kuulizwa: andika majaribio ya hii. Inaandika vizuri, kwa majina yanayosomeka, haraka kuliko sisi. Lakini inachukua kinachofanywa na msimbo, pamoja na makosa yake, inakitangaza kuwa ndicho kinachotarajiwa. Kisha tunatoa mwongozo kutoka kwenye majaribio hayo. Msimbo umezaa jaribio, jaribio limezaa mwongozo, na mkopo unaokokotolewa vibaya una karatasi mbili za kuuthibitisha. Ni mwanafunzi kujisahihishia mtihani wake. Katika mnyororo huo wote hakuna mtu aliyesema: ndiyo, hivi ndivyo SACCOS yetu ilivyokubaliana kwenye mkutano mkuu.

MSANIDI PROGRAMU: Hatari hiyo naiona. Lakini haikuletwa na kutoa mwongozo kutoka kwenye majaribio. Akili mnemba hiyohiyo inaweza kuandika mwongozo mzuri wa nathari moja kwa moja kutoka kwenye msimbo, bila jaribio lolote, na huo utakuwa na makosa yaleyale bila alama hata moja ya nyekundu. Ukinipa kuchagua kati ya maandishi ya mashine yanayokaguliwa na maandishi ya mashine yasiyokaguliwa, nitachagua yanayokaguliwa.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Na mimi nitakataa kuchagua hapo, kwa sababu umeliondoa chaguo la tatu mezani: mtu aliyeuliza, akaandika, akaweka jina lake. Majaribio yalinde namba, mipaka na mifano. Nimelikubali hilo tangu uliponionyesha jaribio linaloanguka kwa kukosa maelezo. Lakini ukurasa unaomwambia mwanachama kwa nini, na unaotoa ahadi kwa niaba ya ofisi, usitoke mpaka mtu ausome na kuukubali.

MSANIDI PROGRAMU: Na mtu huyo akichelewa, kama mlivyochelewa miaka yote?

MWANDISHI WA MIONGOZO: Toleo lisubiri.

MSANIDI PROGRAMU: Hakuna meneja atakayekubali toleo lisubiri sentensi.

MWANDISHI WA MIONGOZO: Linasubiri jaribio. Ulisema mwenyewe.

DAWATI LA WATEJA: Mimi kesho saa mbili nafungua dirisha. Mnaloamua, nawaomba haya. Kila ukurasa mnaoniletea uwe na namba ya toleo na tarehe, ili nijue unazungumzia mfumo upi. Namba zilizomo ziwe zimekaguliwa usiku huohuo dhidi ya mfumo unaotumika. Na chini yake pawe na jina la mtu na namba yake ya simu, mtu ninayeweza kumpigia mwanachama akiwa bado amesimama mbele yangu. Ukurasa usio na mtu wa kuujibia, ukiwa umeandikwa kwa mkono au umetolewa na mashine, msiupeleke kwenye matawi.